Vidonge Nilivyovificha Siku ya Mahari

Nilisema "sawa". Neno lenyewe ni hilo tu. Nililisema nimesimama kwenye vumbi la mbao katika atelie yangu ya useremala, mtaa wa Ndosho, mita ya kupimia mkononi, na laiti ningelimeza. Nitawasimulia yote, na mnaruhusiwa kucheka panapochekesha (sehemu ya mbuzi hunichekesha hata mimi), ila msimlaumu Paluku peke yake. Yeye alipendekeza tu. Aliyekubali ni mimi, mzee wa miaka sitini na minane, niliyemaliza sekondari na ninayesoma hata maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa.

Paluku ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Ndiye tuliyemchagua awe msemaji wa familia siku mwanangu Kasereka atakapopeleka mahari kwa wazazi wa mchumba wake Furaha, watu wa Bukavu wanaokaa Majengo. Wiki moja kabla ya siku hiyo alipita atelie tupange maneno, akaona vidonge vyangu juu ya benchi, kando ya randa, akaviinua kwenye mwanga.

"Hii kinini ni ya nini?"

Nikamwambia. Ili mwelewe nilichomwambia, lazima nirudi nyuma kidogo.

Mke wangu, Mama Kasereka, alikuwa ameniacha karibu miaka miwili, akaenda kukaa kwa dada yake Butembo. Sababu ni kanyanga, ile pombe kali ya magendo, na sitaipamba. Nilikuwa nainunua, naimimina kwenye chupa ya maji (haina rangi, mtu akiona anadhani nina kiu), halafu natafuna bonbo, peremende za minti, na jioni naingia nyumbani nikiapa kwamba sijaonja kitu. Yeye alikuwa ananisogelea, ananusa mdomo wangu, kisha anaenda kupakua chakula. Siku alipoondoka alibeba nguo zake chache na mwiko wake wa bugali, ule uliolika upande mmoja kwa kusonga miaka mingi. Nguo sikuzijali sana. Mwiko ndio ulionitisha.

Basi nikaacha kunywa. Nilidhani pombe ikitoka mtu anabaki mzima, kumbe kwangu ilipotoka iliacha nafasi, na nafasi hiyo ikaingiwa na kitu kingine: silali, chakula hakina ladha, asubuhi nakaa kitandani nimevaa kiatu kimoja mpaka saa sita nikikitafakari kile cha pili. Kasereka ndiye aliyenisukuma mpaka kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja kijana mwenye miwani, alinisikiliza kwa muda mrefu, daktari akaniona, nikapewa vidonge vidogo vya kunywa kila jioni.

"Papa," muuguzi akaniambia, "hii dawa itakusumbua mbele ya kukusaidia."

Akanieleza kwamba wiki mbili tatu za kwanza mdomo utakauka, usingizi utanikamata, nitatoka jasho, mikono inaweza kutetemeka, na nikisimama haraka dunia itazunguka. Niwe na maji karibu, nipige funda kidogo kidogo, nimung'unye bonbo, niinuke polepole. Nikisahau kidonge, nisifidie kwa kunywa viwili. Nikizidiwa nirudi, nisiache mwenyewe. Mwishoni akasema kitu nilichokiona kidogo kuliko vyote: nimwambie mtu wa nyumbani, ili siku nikiyumba ajue ni kwa nini.

Na kweli vilianza kunisumbua. Ulimi ukawa kama msasa. Mlango wa mteja niliupima huku mkono unatetemeka, nikaukata mfupi, nikausawazisha ukawa mfupi zaidi, mwishowe nikamtengenezea mlango mwingine na ule wa kwanza ukawa wa kabati. Nilikuwa napiga miayo mbele ya wateja mpaka nao wanapiga. Lakini nilivumilia, kwa sababu Mama Kasereka alikuwa amepiga simu. Alisema anakuja kwa mahari ya mtoto wake, kisha akaongeza, "Nikikuta uko mutu, nitabaki."

Sasa mnajua nilichomwambia Paluku pale atelie. Alirudisha vidonge kwenye boksi kana kwamba vinaunguza.

"Ficha. Usiambie mutu, hata bibi yako, Mama Kasereka. Bale ba Bukavu batauliza kama kwetu kuna wazimu, na bakisikia baba wa bwana-arusi anakunywa dawa ya kichwa, batasema bajukuu babo batazaliwa nayo."

Hilo halikuwa jambo la kuzua. Kabla ya kutoa binti, watu huuliza: kuna kifafa kwenu, kuna wazimu, kuna magomvi ya zamani. Nikamfikiria Kasereka, nikafikiria na mke wangu anayekuja kuangalia kama mimi ni mtu. Nikasema sawa.

Mama Kasereka alifika siku moja kabla ya sherehe. Njia ya moja kwa moja haikuwa salama kupita, kwa hiyo alizunguka kupitia Uganda, siku mbili njiani, akashuka kwenye pikipiki pale mlangoni na miguu imevimba. Nilimpokea mfuko. Katikati ya nguo palitokeza mpini ninaoufahamu. Nilibeba ule mfuko ndani kama mtu anayebeba mayai.

Nyumba ilijaa wageni. Wanawake walipewa chumba changu, na koti langu lilikuwa limetundikwa humo kwenye msumari, vidonge vikiwa mfukoni. Ningeweza kumwambia mke wangu, nipe dawa yangu. Maneno matatu. Lakini nilikuwa nimeshasema sawa, kwa hiyo jioni ile sikunywa. Asubuhi nilipopata koti nikaona mikono inatetemeka zaidi, nikaogopa nitaharibu shughuli, nikanywa viwili kwa pamoja. (Yule muuguzi alikuwa amenikataza wazi, tena akanifanya nirudie maneno yake kama mwanafunzi. Nilirudia vizuri sana.)

Majengo tulikaa chini ya turubai, familia mbili zikitazamana, katikati uwanja wa mawe ya volkano uliosawazishwa nusu. Wao watu wa ng'ombe, sisi watu wa mbuzi, na wasemaji walikuwa wameanza kutaniana juu ya hilo, watu wanafurahi. Mimi nilikuwa napigana na kope zangu. Mdomo ukakauka, nikatia bonbo. Ukakauka tena, nikatoka nyuma ya uzio na chupa yangu ya maji, nikapiga funda, nikarudi. Baada ya muda nikatoka tena. Jasho likawa linanitiririka nami nalipangusa kwa leso, na miayo ikaja mfululizo wakati baba wa Furaha anasimulia jinsi binti yake alivyokuwa wa kwanza darasani. Niliporudi mara ya tatu nikamwona Mama Kasereka upande wa wanawake, ameacha kuongea na jirani yake. Alikuwa anaangalia chupa, na shavu langu lililotuna kwa bonbo. Ndipo nilipoelewa jinsi nilivyoonekana. Kila kitu muuguzi alichonifundisha ili kupunguza adha ya dawa, mimi nilikuwa nimekwisha kukifanya miaka mingi kwa sababu nyingine, na aliyekuwa ananitazama alikijua chote.

Msemaji wao akauliza lile swali, kama kwetu kuna ugonjwa wa kichwa. Paluku akajibu kwa sauti ya kanisani kwamba sisi ni watu wazima tangu enzi za babu, baba mwenyewe ni mzee wa kanisa, hakuna hata anayeumwa na meno. Watu wakacheka. Mimi nikameza bonbo nzima.

Kisha ukaja wakati wa mbuzi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mmoja, dume jeupe lenye ndevu, nitamkabidhi mimi baba kwa mkono wangu. Wakaniita. Nikainuka haraka, kama kijana. Turubai likazunguka, mawe yakapanda juu, na mtu akanitia kamba mkononi wakati huohuo. Yule mbuzi sijui aliona nini, labda majani ya mapambo kwenye meza ya wazazi, akaondoka. Mtu mwenye akili angeachia kamba. Mimi niliishika, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kimesimama imara uwanjani, na nikaenda naye: tukapita mbele ya padri aliyealikwa, tukapita kreti za fanta (mbili tuliziangusha), na safari yetu ikaishia kwenye mapaja ya mama wa Furaha, mimi kichwa, mbuzi miguu ya mbele. Chupa ikatoka kotini ikaviringika mpaka katikati. Bonbo zikatawanyika kama za watoto wa arusi.

Halafu kutoka upande wao mtu mmoja akasema bila haraka, "Muzee ameshaanza karamu peke yake," na turubai zima likaangua kicheko. Baba wa Furaha peke yake hakucheka. Akamtazama Paluku. "Mulituambia huyu ni muzee wa kanisa."

Mama Kasereka alikuwa amefika. Alipiga magoti kwenye yale mawe na kitenge chake kipya, akanishika mabega, akanikalisha. Akasogeza uso wake karibu na mdomo wangu, kama zamani, akavuta pumzi. Nilikuwa sijamwona karibu hivyo kwa miaka miwili. Kwa sauti ya chini, ya sisi wawili, akauliza:

"Papa Kasereka, umekunywa nini?"

Nyuma ya bega lake nilimwona Paluku anatikisa kichwa polepole. Nilimwona Kasereka amesimama na suti yake, na Furaha kando yake. Mawazo yangu yalikuwa mazito kama mbao mbichi, lakini hesabu moja niliifanya vizuri: mlevi ni aibu ya siku moja, mwendawazimu ni ya ukoo mzima.

"Kanyanga," nikasema. "Kidogo tu."

Hakuinuka. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Aliendelea kunitazama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda kuokota chupa, akaifunga kifuniko, akaniwekea mkononi, akarudi kukaa na wanawake.

Paluku aliokoa shughuli. Alisema furaha imemzidi mzee, tukatozwa mbuzi mmoja wa kuomba radhi, mahari ikapokelewa, na Kasereka akapata mke. Mimi nilirudishwa nyumbani nimelala nyuma ya gari, mdomo wazi.

Nililala mpaka saa nne ya kesho yake. Nilipotoka sebuleni, wageni walikuwa wamekwisha kwenda na mfuko wa Mama Kasereka haukuwepo. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa: bugali, na sambaza za Kituku, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya jinsi anavyojua nazipenda. Bado vilikuwa na joto kidogo. Nikaenda jikoni. Alikuwa ameosha sufuria, akaipindua ikauke. Mwiko hakuuacha.

Nilirudi kwa yule muuguzi, nikakiri vile viwili. Alinigombeza kwa adabu, akanirudisha kwenye kimoja cha jioni. Katika wiki ya nne, bila kutangaza, mambo yakaanza kulegea. Mate yakarudi mdomoni. Mkono ukatulia, nikapima mlango na ukaingia kwenye fremu yake mara ya kwanza. Asubuhi moja nikajikuta nimevaa viatu vyote viwili na sikumbuki nilivivaaje. Ndipo nikampigia Mama Kasereka simu Butembo, nikamweleza kila kitu: vidonge, Paluku, lile swali la wazimu, chupa ya maji iliyokuwa ya maji kweli. Nilieleza kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua haukukunywa," akasema. "Nilikunusa. Ilikuwa minti tu."

Nikamuuliza basi kwa nini aliondoka.

"Niliuliza mara mbili. Miaka yote ulikuwa unakunywa, unaniambia haukukunywa. Siku ile haukukunywa, ukaniambia umekunywa. Sasa miye nitakushika wapi?"

Nikasema nilikuwa namlinda mtoto.

"Mutoto nimezaa miye. Ungeniambia kwa sikio tu. Ningewaambia batu ni tansion, damu kupanda, ningekuletea maji miye mwenyewe." Nikasikia anavuta pumzi. "Ningebaki, Papa Kasereka. Mwiko nilikuwa nimeuleta."

Nilimwomba arudi. Akasema amechoka, akanitakia afya, na alisema hivyo kwa upole ambao ningeubadilisha na matusi yoyote. Nimempigia mara nyingi baada ya hapo. Anapokea, ananiuliza kama nimekula, ananiuliza kama dawa nimekunywa. Kuhusu kurudi hajibu.

Furaha alipokuja kujua habari za vidonge (nilimwambia mwenyewe, nikitetemeka, na safari hii haikuwa dawa), aliuliza kitu kimoja tu: vinanywewa na chakula au bila chakula, ili ajue saa ya kupakua nikiwatembelea. Kumbe hilo dogo ndilo jambo nililokuwa nimelificha.

Siku hizi boksi la dawa naliweka mezani, kando ya chumvi, kila anayeingia alione. Wanaoingia si wengi. Jioni nasonga bugali mwenyewe na kijiko kikubwa cha bati, kinaniunguza mkono, inatoka na mabonge. Naila, nakunywa kidonge kimoja na maji, nalala vizuri. Nimepona, karibu. Na ile "sawa" niliyomwambia Paluku ilinigharimu mke wangu, ambaye alikuwa amekwisha kurudi.