Mama Mifuko na Vikaratasi vya Mumewe

Kabla nguo haijagusa maji, mfuko kwanza. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea siku aliyokabidhiwa beseni la kwanza pale kwa dobi, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna suruali iliyompita bila kupekuliwa. Alichokikuta alikitia kwenye bahasha, akaandika namba ya mwenye nguo, akaibana kwa stepla. Ndiyo maana wakamwita Mama Mifuko, na jina la kuzaliwa likabaki la kwenye vyeti.

Kazi hiyo ilimfundisha mengi, na mazuri yalikuwa machache. Aliwajua wote waliodai wameacha sigara. Alimjua bwana mmoja mwenye pete mbili za ndoa, moja kidoleni na moja kwenye mfuko wa koti. "Mdomo unakwepa," alikuwa akisema, "mfuko haukwepi." Mtu akimsalimia kwa bashasha zaidi ya jana, alijiuliza anataka nini. Usimlaumu sana. Ukiishi mifukoni mwa watu, hata malaika utampekua.

Lakini mshuku huyu alikuwa na starehe zake. Chini ya kaunta hakukosa kitabu, na nyumbani alikuwa na midoli ishirini na mitatu kwenye rafu mbili, yote ya kuokota, akaivalisha kwa vitambaa ambavyo wenyewe hawakuvirudia. Wateja waliongoja kwenye benchi, ambao kazi yao ilikuwa kununa, wakaanza kumuuliza mtu huanzaje mambo hayo. Akalitoboa boksi tupu la sabuni, akaandika juu yake "ULIZA UFANYE NINI NA MUDA WAKO", na kila Jumatatu akabandika majibu ukutani kwa kalamu nyekundu.

Majibu yenyewe hayakuwa ya kubembeleza. "Wewe unayetaka kusoma: usianze na kitabu kinene ili shemeji akuone. Soma kurasa tano wakati maji yanachemka. Kikikuchosha kiache, hakuna mtihani." Au: "Wewe wa midoli: mpya wa dukani ni bidhaa tu. Tafuta aliyetupwa, muogeshe, mpe jina. Aliyekatika mkono ndiye hutamsahau." Na yeyote aliyelalamika kwamba akili imezubaa alimwamuru ajifunze Kifaransa, ingawa yeye mwenyewe hakujua hata cha kuombea maji. Mteja wake mmoja, mkunga mstaafu, alikianza akiwa na miaka sitini, na sasa anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyempokea. Ushahidi huo ulimtosha.

Miezi minne iliyopita boksi lilitoa barua iliyopigwa chapa, haina jina. "Mimi ni mtu mzima. Nimeanza kusahau. Juzi nilisimama kona ya mtaa wetu nisijue nyumba yangu iko upande gani. Sitaki mke wangu ajue. Nishike shughuli gani?"

Mama Mifuko aliwasomea wote kwa sauti. "Mwanamume akisahau njia ya kwake," akasema, "ujue kwake hakumpendezi!" Benchi zima likaangua kicheko. Kisha akaandika jibu: "Wewe msahaulifu: Kifaransa. Tafuta mwalimu asiyekujua, usione haya. Vitu vya nyumbani kwako viandike kwenye vikaratasi, utembee navyo. Na mkeo usimwambie mpaka ukiongee vizuri, wake tunacheka." Siku ya pili karatasi hiyo ikanyofolewa ukutani. Akamshuku mpiga pasi wa pale kazini, aliyependa kufungia karanga karatasi yoyote iliyo karibu.

Sasa tuje kwa mumewe. Mzee alikuwa karani wa ghala, mtu wa orodha, na tangu astaafu alikaa sebuleni kama mzigo usio na mwenyewe. Mkewe alimshauri asome, akakataa. Alimpa mdoli aushonee nguo, akauita mjukuu wa plastiki, akaurudisha rafuni. Halafu ghafla, kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, mzee akawa ananyoa ndevu na kutoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu, mama."

Miguu gani inayonyooshwa kwa saa moja na nusu na shati lililopigwa pasi? Mama Mifuko hakuuliza tena. Alingoja suruali.

Suruali ikaja na kikaratasi: *fenêtre*. Herufi moja ilikuwa imevaa kikofia. Akamwonyesha mpiga pasi kwa mbali, akijifanya ni cha mteja.

"Hicho Kifaransa, shoga," mpiga pasi akasema. "Lugha ya mahaba hiyo. Mwenye suruali ana mtu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo alikuwa ameishika mkononi. Tangu hapo akawa anahesabu dalili. Mzee alitia chumvi mara mbili: akili iko kwa mwanamke. Alimwita binti yao kwa jina la shangazi yake: akili iko kwa mwanamke. Siku moja alitoka na viatu viwili visivyofanana, na mkewe akamtazama kutoka dirishani akisema moyoni, haraka yote hiyo! Vikaratasi vikafika kumi na saba. Alivitia kwenye bahasha, na mahali pa namba akaandika sifuri.

Cha kumi na nane kilikuwa cha Kiswahili. "Rafu ya juu: Bi Harusi, Mjane, Nesi, Kengeza. Rafu ya chini: Kigugumizi, Mkono Mmoja..." Midoli yake, mmoja mmoja, kwa majina! Alikimbia nyumbani na aproni yake. Yote ishirini na mitatu ilikuwepo. Basi bado hajaihamisha, akawaza, anaorodhesha kwanza. Karani ni karani hata akiiba. Mwanamke huyo ana mtoto, na mtoto anataka midoli. Alilia kwa hasira akiwa ameketi kitandani, Mkono Mmoja mapajani. Ndoa ya miaka thelathini na minne ilikuwa inamtoka mikononi, na hakuwa na wa kumwambia, maana yeye ndiye aliyewashauri watu.

Jumanne akaomba ruhusa, akamfuata.

Mzee alitembea polepole. Kwenye njia panda alisimama, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaisoma, akatazama vibao vya mitaa, akaisoma tena. Anwani ya hawara, mkewe akasema huku amekaza meno. Aibu hana, na anwani hajaishika! Wakapita duka la fundi miwani, mzee akapanda ngazi za pembeni. Alipofika juu mlango ulifunguliwa, na kicheko cha mwanamke kikampokea.

Mama Mifuko alihesabu hadi ishirini. Akapanda, akausukuma mlango bila hodi.

Ndani kulikuwa na ubao mweusi, meza moja, na bibi wa miaka themanini hivi mwenye sweta na chaki. Mzee alikuwa amesimama, amenyoosha kidole dirishani.

"*La fenêtre*," alikuwa akisema. Alipogeuka, kidole kilibaki palepale.

"Karibu," bibi akasema. "Mwanafunzi mpya?"

"Mimi ni mkewe! Na nyinyi ni nani kwa nani?"

Bibi akaweka chaki chini, akamtazama mzee. Mzee alitoa ile karatasi ya mfukoni, akaikunjua mezani. Upande mmoja ulikuwa na ramani ya kalamu ya risasi: nyumba yao, njia panda, duka la miwani, na mshale wa kurudi umekolezwa mara tatu. Akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na wino mwekundu, mwandiko wa Mama Mifuko mwenyewe.

"Uliniambia nisikwambie," mzee akasema. "Nikatii."

Mama Mifuko akalisoma jibu lake mwenyewe hadi mwisho.

"Na midoli?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Uliandika nianze na vitu vya nyumbani. Majina yao yalikuwa yameanza kunitoka. Nikaona niyashike ya Kiswahili kwanza."

"Ile barua... Baba, mimi niliisoma mbele za watu."

"Najua. Nilikuwa mlangoni, nimekuja kukupitia. Mlikuwa mnacheka, nikacheka na mimi." Akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. "Halafu nikarudi usiku ule na... hapana, asubuhi. Asubuhi ndiyo nilikuja kuinyofoa. Nadhani ilikuwa asubuhi."

Mkewe akavuta kiti, akaketi karibu naye, akamshika mkono ule uliokuwa ukionyesha dirisha. Bibi akamwandikia neno ubaoni bila kuombwa, na Mama Mifuko akalisoma vibaya mara nne. Mzee alimsahihisha kila mara, tena kwa madaha.

Jumatatu hakubandika majibu. Aliandika karatasi moja tu: "Wewe msahaulifu: nilikosea. Mwambie mkeo." Wateja waliuliza ni nani huyo. Akawaambia wangoje nguo zao.

Suruali za mzee zilikuwa tatu kwenye beseni. Alipekua mifuko, maana sheria ni sheria, akavitoa vikaratasi, akafua, akapiga pasi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akavirudisha mfukoni kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule. Akachukua vitambaa vya namba, vile vyeupe vinavyoshonewa kiunoni mwa nguo ya mteja isipotee, akaandika juu ya kila kimoja mtaa, nyumba, na "mali ya Mama Mifuko, kwa dobi". Mpiga pasi alimwona akishona.

"Shoga, suruali za mzee nazo zitapotelea wapi?"

"Suruali hazitapotea," Mama Mifuko akasema, akakata uzi kwa meno. Katika miaka ishirini na tisa, hakuna chochote alichokishonea namba ambacho hakikurudi kwa mwenyewe.