Vile wifi yangu alirudi Bukavu na negatifu yangu

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Na wamama wenye wanasomaka kimya bila kuandika, na ninyi salamu.

Mujue kwanza: masomo niliishia ya tatu ya primaire. Kiswahili yetu ya huku munaijua, musinisahihishe, musome tu. Na kama ninadanganya, wale nitataja wako na telefone, waje hapa hapa wanikanushe.

Majina ni haya. Maman Nsimire, dada ya marehemu bwana yangu, maana yake wifi yangu. Tonton Riki, commissionnaire wa Dubai. Na Papa Birindwa, muuza viatu mwenye tulisafiri naye. Huyo wa mwisho hakufanya kitu, na njo kosa yake.

Nianze.

Corona kuna wenye wanasema ilikuwa ya television. Mimi ilinilaza. Kwa ile wimbi ya kwanza niliwekewa oxygène hapa Bukavu, mupaka watoto wakaanza kuongea na mimi polepole, vile watu wanaongeaka na mwenye kuaga. Nikapona. Tangu pale wifi akanipa jina: Rescapée, mwenye kuponea. Familia yote ikaishika. Tulikuwa tunacheka.

Mwaka wenye ulifuata, mutoto yangu wa kwanza, Murhula, akaitwa kupewa upadiri.

Wenye si Wakatoliki niwaelezee. Siku ile monsenyere, njo askofu, anamupaka mutoto mafuta matakatifu mu mikono. Kisha wanapangusa ile mafuta na kitambaa cheupe, na kwetu ile kitambaa inapewa mama yake. Mama anaichunga vile iko, na mafuta yake na harufu yake, mupaka siku ya kufa. Wanamufunga nayo mikono mu sanduku. Akifika kule akiulizwa wewe ni nani, anaonyesha mikono.

Bwana yangu alikufa mapema. Nyumba ya étage, ya gorofa, sina. Ile kitambaa njo kitu moja nilikuwa nataka mu maisha yangu yote.

Mutaniuliza: kama ni hivyo, Dubai ulienda kutafuta nini?

Soko. Mimi nauzaka nguo za watoto kule Kadutu, wifi anauzaka perruques, nywele za kuvaa, na masakoshi ya wamama. Mipaka ilikuwa imefungwa muda mrefu, vibanda vyetu vilibaki mbao tupu. Na karamu ya padiri haiendeshwe na sala peke yake. Tukahesabu: kwenda, kununua, kurudi, na nafasi inabaki mbele ya misa. Tukaenda.

Tonton Riki njo alitupokea. Commissionnaire ni mutu mwenye anakutafutia chumba, anakutembeza mu maduka, anaongea Kiarabu pahali pako. Tikiti pia alitutafutia yeye. Alitupitisha Entebbe, kisha gari mupaka Goma, kisha bateau ya ziwa mupaka kwetu. Nikamuuliza juu ya nini asitupitishe Kigali, si njo karibu?

Akasema: "Maman, Kigali wanakupima tena ukishuka na kukufungia ku hotel. Entebbe wanaangalia karatasi tu."

Ile jibu ilinikaa mu kichwa. Mutu mwenye hana kitu ya kuficha anaogopa kupimwa mara mbili kwa nini? Lakini nikalipa tikiti.

Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: hupande ndege bila karatasi ya PCR, kipimo ya corona, ya siku zile zile, imeandikwa negatifu. Wanakuingiza kijiti mu pua mupaka unaona nyota.

Mu chumba tulikuwa mimi na wifi, na Papa Birindwa alikuwa analala ku salon. Siku moja mbele ya kupimwa, wifi alikuwa jikoni anakaanga sambaza, samaki ndogo za ziwa yetu, zenye tulitoka nazo nyumbani. Mimi nilikuwa mu chumba ya ndani, mulango imefungwa. Harufu ya kuungua ikanifikia kule. Nikakimbia. Namukuta amekaa pale pale karibu ya moto, mwiko mu mukono.

"Wifi, hausikie harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Sambaza imekuwa makala."

Akaangalia ndani ya sufuria. "Ah. Nilikuwa mu mawazo."

Moshi ilikuwa inamuingia mu macho, na yeye eko mu mawazo.

Mimi ile ugonjwa naijua. Ilipoanza kwangu, kitu ya kwanza iliniibia ni pua. Nikamuambia, wifi, na hii kikohozi yako, twende tupimwe leo, kama iko tujue. Akasema kikohozi ni ya climatiseur, ile machine ya kuleta baridi mu nyumba. Kisha akaongeza: "Wewe juu ulikaribia kufa, unataka kila mutu afe."

Kesho yake asubuhi nawakuta ku balcon, yeye na Tonton Riki, wanaongea Mashi, luga ya kwao, pole pole. Nilipofika na chai wakageuka Kiswahili mara moja, wakaanza bei ya perruques. Mimi na wifi tunaishi miaka mingi, ya perruques hajawahi kunong'ona.

Tukaenda kupimwa. Tonton Riki akakusanya passeport zetu zote mu sachet moja. "Wamama, hapa wanaandika Kizungu, mutachelewesha laini." Nikampa. Wakuu, kosa ilianzia pale. Sisi tuko vile, mutu akisema anajua Kizungu tunamupa hata pumuzi.

Salle ya kupimia ilikuwa imejaa watu wa kila nchi, kila mutu na barakoa mupaka chini ya macho. Mu laini mimi nilikuwa mbele, wifi nyuma yangu, Birindwa nyuma yake. Nikatoka kidogo kwenda choo. Narudi, namuona wifi anatoka mu kabini, anapangusa machozi.

"Si mimi nilikuwa mbele yako?"

Tonton Riki akajibu pahali pake. "Walikuita, haukuwako, nikaingiza mwengine. Sasa ingia pahali pake. Pua ni pua."

Nikaingia. Binti wa mule akasoma kitu ku machine yake, akaniuliza kitu kwa Kizungu. Sikuelewa hata neno moja. Nikakubali na kichwa, vile tunakubalikaka mbele ya kila mwenye blouse nyeupe ya daktari. Akaingiza kijiti.

Majibu yalikuja ku telefone ya Tonton Riki. Wifi, negatifu. Birindwa, negatifu. Mimi, pozitifu.

"Pole, Maman Rescapée," Tonton Riki akasema. "Imebaki mu damu."

Na wifi, mbio mbio: "Si tulikuwa tunasema? Ule mwenye alishapata, haitokake yote."

Muone vile jibu ilikuwa imepikwa na kupakuliwa. Hakuna mwenye alishangaa.

Nikasema nirudi nipimwe tena, mimi peke yangu, na passeport mu mukono yangu. Tonton Riki akasema jina yangu imeisha kuingia mu machine ya serikali, hakuna labo ya kupima itanigusa mupaka siku zao za kujifungia ziishe. Nilijaribu. Nilifika ku mulango wa labo ingine, muzamu akaangalia ile application ya serikali ku telefone yangu, akarudi nyuma kama ameona nyoka. Kwa hiyo Tonton alisema kweli. Huyo njo mutu wa hatari, mwenye anasemaka kweli ile tu inamusaidia.

Nikaenda kwa Papa Birindwa.

"Papa, ulikuwa nyuma yetu. Waliita jina yangu, nani alisimama?"

"Maman, mimi nilikuwa naangalia telefone."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Telefone yake ilikuwa imezima tangu asubuhi. Mimi njo alikuwa anaomba chargeur.

Wakaondoka. Ku mulango wifi akasimama mbali na mimi, eti anajichunga, akasema huku anacheka: "Usilie. Mutoto hatabaki bila mama. Mimi ni shangazi yake. Mutoto ni wa kwetu, wewe ulimubeba tu."

Ile maneno huku kwetu ni mchezo wa mawifi. Unacheka, unamujibu, inaisha. Siku ile nilifunga mulango.

Nikaita Murhula. Nikamuomba aongee na monsenyere wasogeze siku.

"Mama, tuko wengi wenye tunapewa. Siku haisogei kwa mama mumoja."

"Basi kitambaa ikae, unichungie."

"Nitaomba ikae, mama."

Misa niliifuata ku telefone, binti yangu Solange njo alikuwa anashika video. Nikaona monsenyere anamupaka mafuta. Nikaona wanapangusa. Kisha mwongozaji akaita ku micro wamama waje, moja moja. Alipoita mama wa Murhula, wifi akasimama mu banc ya mbele, na kikwembe cha familia, barakoa ku kidevu. Akakohoa mu mukono. Na mukono ile ile akapokea.

Murhula alimuangalia, kisha akaangalia monsenyere. Mutoto angefanya nini? Asukumane na shangazi yake mbele ya altare?

Kuna mukuu mwenye ameniandikia pembeni kwamba machine hazikosee, labda kweli nilikuwa pozitifu. Mukuu, hata mimi niliwaza hivyo. Nilikaa mu kile chumba nikinusa vitu: sabuni, kahawa, soksi zenye Birindwa alisahau chini ya canapé ya salon. Nilisikia harufu ya kila kitu. Homa hakuna, kikohozi hakuna. Lakini daktari pia anaweza kukuambia ile haishuhudie kitu, na ni kweli. Kwa hiyo nilibaki na mashaka, na mashaka hailalake.

Siku zao zikaisha, wakanipima, negatifu. Nikarudi kwa njia ile ile ya Entebbe.

Nafika Bukavu, nusu ya kwaya ya parokia inakohoa. Sisemi ni yeye aliwapa. Nasema tu walikuwa wanakohoa.

Familia ikaniambia niache. "Ni bahati mbaya." "Ni damu yako." Murhula akasema ataenda kuomba kitambaa kwa shangazi. Nikamuambia aende kwa upole, asianze upadiri na vita.

Wifi akaileta mwenyewe, Jumapili kisha misa. Hakukuja peke yake, alikuja na shemeji yangu mukubwa, kaka yao, ili nisipaze sauti. Tukakaa. Solange akaleta fanta. Wifi akatoa kitambaa mu sachet, imekunjwa, imepigwa pasi, ngumu kama karatasi.

Nikaipeleka ku pua.

Sabuni ya unga.

"Wifi, uliifua?"

"Niliifua vizuri. Maji ya moto, mara mbili." Alikuwa anasema na roho safi kabisa, kama mutu mwenye anangojea asante. "Nilikuwa bado na ile kitu ya kule. Sikutaka nikupelekee, wewe mwenye uliisha kukaribia kufa."

Shemeji akaweka fanta yake chini.

"Nsimire," akasema. "Kitu gani ya kule?"

"Kikohozi tu."

"Si ulitoka negatifu?"

"Ilikuwa climatiseur, kaka."

"Climatiseur inafuliwa na maji ya moto mara mbili?"

Wifi akaanza kutafuta viatu vyake. Vilikuwa ku miguu.

Hakuna mwenye alimupiga, hakuna mwenye aliomba musamaha. Shemeji alisema tu, "Twende," na wakaenda. Tangu siku ile mu familia hakuna mwenye anaongea tena juu ya damu yangu. Birindwa akinikuta sokoni anavuka barabara. Tonton Riki ameni-block, lakini nasikia bado anapokea watu, kwa hiyo wenye munaenda, jina munayo.

Kitu yenye inaniuma mutacheka. Kupimwa kwa jina yangu na kuniachia yake, akaiba negatifu yangu, naelewa: aliogopa kubaki mugonjwa inchi ya watu. Kusimama pahali pangu, naelewa pia, alimupenda yule mutoto tangu anazaliwa. Lakini kuifua, alikuwa ananihurumia kweli. Alinikinga na ugonjwa yake mwenyewe, na mule mule ndani ya maji akatoa mikono ya mutoto yangu.

Murhula aliniambia, "Mama, mafuta naweza kuweka ingine." Nikamukataza. Mafuta ya chupa hata mimi nanunua.

Kitambaa iko mu valise yangu, nyeupe, inanukia dobi. Nimeisha kuambia Solange wanifunge nayo vile iko. Kule nikiulizwa mafuta ilienda wapi, nitaomba wamungojee Nsimire, afike aelezee mwenyewe.

Somo yangu ni fupi kama masomo yangu: ku mulango wa labo, passeport yako ikae mu mukono yako, na ukiulizwa jina bila kuelewa, usikubali na kichwa. Uliza mara kumi. Waache wakuone mujinga.

Sasa wenye mulisafiri ile miaka ya vijiti mu pua, niambieni na ninyi. Nani alikuwa ameshika passeport yenu?