Raheli wa Vidunda, Aliyeitika

Alizaliwa Vidunda, juu ya milima inayoitazama Kidodi, mwaka 1958, mtoto wa wakulima wa maharage, akabatizwa katika kanisa lile lile ambalo nyuma yake amezikwa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, akaolewa na Simoni, aliyefariki mapema na kumwachia watoto wawili, Kelvin na Devota. Raheli alikuwa mwimbaji. Waliomjua husema sauti yake ilivuka bonde, na sauti hiyo ndiyo iliyomtia katika jaribu lake.

Devota alikuwa na kifafa. Dawa za hospitali ya Mikumi zilimtuliza, lakini mwaka 2007 mwinjilisti Timotheo alifundisha kwamba vidonge humlaza pepo tu, havimtoi. Binti akafungiwa katika chumba cha mavazi nyuma ya madhabahu, bila chakula wala maji, na kwaya ikaimba mlangoni. Sharti lilikuwa moja: sauti ya ndani isiitikiwe, kwa kuwa anayemwitikia pepo humlisha. Devota aliomba maji. Kisha akaita, "Mama!" Raheli akaimba kwa nguvu zaidi. Mlango ulipofunguliwa binti alikuwa amekufa, midomo ikiwa imegandamana na tundu la kitasa.

Timotheo alikuja matangani. "Pole, Mama Devota. Dini haina kosa. Tuliopungukiwa ni sisi wanadamu."

"Dini ndiyo iliyoua," Kelvin akamkatiza. "Petroli ninayo. Kanisa nalichoma leo."

Raheli hakuinua sauti. "Mwinjilisti, mtu akipona mnasema dini imemponya. Huyu amekufa kwa nani? Nawe Kelvin, ukilichoma watajenga jingine, na sharti lile watahamia nalo. Petroli katie kwenye pikipiki."

Jumapili iliyofuata alirudi kanisani, jambo lililowashangaza wote, ila hakuimba tena. Kabla ya ibada aliweka kikombe cha maji kwenye mlango wa chumba kile, akasema, "Naam, mwanangu," akaketi. Hazikupita wiki nyingi, watu wakaanza kusikia. Katika ukimya kabla ya baraka, mtu aliomba maji nyuma ya madhabahu. Hakuna aliyegeuka. Wengine wakahama kimya kimya wakasali kwingine.

"Mama Devota, marehemu wako hajashiba maji tu?" Odilia, jirani yake, alimtania siku moja.

"Hajaitikiwa na ninyi."

Sikukuu ya Mavuno mwaka 2013 sauti ilikuja mapema, tena kavu kuliko siku zote. Waumini wakainama. Timotheo akaanzisha wimbo. Raheli akasimama, kikombe mkononi.

"Rudi, mama!" Timotheo akamkemea. "Huyo si mtu!"

"Awe mtu, asiwe mtu, ana kiu."

Akatwaa jembe kati ya sadaka za mavuno, akasema "Naam" kwa ile sauti iliyovuka bonde, akalipiga kufuli. Ndani alilala Imani, mtoto wa Odilia, mwenye kifafa pia. Mama yake na Timotheo walikuwa wamemfungia kwa siri tangu siku mbili nyuma. Odilia mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, ameziba masikio. Wengine wote walidhani ni Devota, kwa hiyo hakuna aliyeinuka.

Imani alikunywa taratibu, kisha akauliza, "Na dada je?"

"Dada yupi?"

"Aliyenishika mkono. Alisema niendelee kuita, nisinyamaze."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Hakukuwa na mtu mwingine ndani.

Timotheo aliondolewa utumishini, mlango ukang'olewa pamoja na bawaba zake. Raheli alifariki mwaka 2021. Mpaka kufa hakuiondolea dini hatia yake, wala hakuiacha. Vidunda hata leo, mtu akiita wakati wa ibada, wimbo hukatwa na mmoja lazima aitike.

Imani amekuwa kijana na dawa zake anazimeza. Kila Jumapili yeye ndiye huweka kikombe. Ibada ikiisha hukikuta kitupu, na baridi ya milima ile haikaushi maji kwa saa mbili. Kanisa halijatoa tamko juu ya jambo hilo. Lakini anayetaka kufuata nyayo za Raheli asianze kwa kuuliza sauti ni ya nani. Aitike kwanza.