Kidole Gumba cha Kinzo na Matairi ya Fusae

Haya nitakayowaeleza hamtayaamini, na wala sitawabembeleza. Nimeendesha lori la maziwa hapa Bekkai, huku kaskazini mwa Japani, tangu wengine wenu mkifutwa makamasi, na uongo mdogomdogo nimeusema sana, hasa mbele ya wanawake. Lakini habari ya Orikasa Kinzo ni ya kweli. Mwenyewe huyu hapa mezani, anafyonza tambi zake huku akinikodolea macho. Basi sikilizeni.

Kinzo ana kidole gumba kinachojua matairi. Mnacheka? Mfunge kitambaa machoni, mpe tairi la theluji. Atalibonyeza kwa ukucha, atalinusa, kisha atakwambia limepita majira mangapi ya baridi na kama mwenye gari ni mtu wa kukanyaga breki kwa woga. Kila vuli, kabla theluji haijaanguka, watu walijaa uwanjani kwake wamekumbatia matairi kama wamebeba wagonjwa.

"Mzee Kinzo, vipi hili?"

"Limekufa. Lizike."

"Na hili? Nimelinunua juzi tu!"

"Umenunua jiwe. Mkeo alikuwa wapi wakati unanunua?"

Kwenye barafu hakukosea hata mara moja. Ndiyo maana aliidharau ile lebo inayobandikwa kwenye matairi mapya ya kiangazi, yenye herufi kubwa za kuonyesha tairi linavyobana mafuta, na herufi ndogo za kuonyesha linavyoshika barabara yenye maji, kuanzia a iliyo bora. "Karatasi haijawahi kushika usukani," alikuwa akisema, na sisi madereva tukicheka na kugonga meza. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa, huku kwetu tairi la theluji likilika hadi nusu, kwa barafu halifai tena. Lakini nani atautupa mpira uliobaki nusu? Tunaliacha hapohapo garini kiangazi kizima, mvua kwa jua, liishe lenyewe, na vuli ikifika tunanunua jipya. Kila mtu anafanya hivyo. Aliyewahi kufanya vingine alionekana mwenye maringo.

Mwezi wa sita Fusae, mdogo wake Kinzo, akaingiza gari uwanjani. Mumewe, Iwao, figo zake zilikuwa zimekufa, na Fusae ndiye aliyempeleka hospitali mjini kusafishwa damu, wiki nenda wiki rudi, kwa ile barabara ndefu inayokata malisho hadi darajani.

"Kaka, nimepita dukani. Kuna matairi ya kiangazi, lebo yake ina a ya maji. Ninunue?"

Kinzo akachuchumaa, akabonyeza tairi. "Haya yako yana nini?"

"Mvua ikinyesha gari linanichezea. Pale darajani ni kama linaogelea."

"Gari au dereva?"

"Usinitanie, kaka. Ninayeliendesha ni mimi."

"Mpira bado laini, kashata, haya meno yake, bado zipo. Mpira laini unang'ang'ania barabara. Maliza haya kwanza. Vuli nitakuchagulia mwenyewe, tena bila karatasi."

Fusae aliyatazama matairi, akamtazama kaka yake. "Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Mwezi wa nane ikanyesha mvua nzito. Fusae alikuwa anakwenda kumchukua Iwao. Kabla ya daraja gari lilitoka barabarani, likavunja kingo, likaingia mtoni. Hapakuwa na gari lingine, hapakuwa na kulungu aliyekatiza. Iwao alisubiri kwenye mlango wa hospitali, koti limefungwa vifungo vyote, mpaka muuguzi akaja kumshika mkono.

Gari lilipovutwa, Kinzo aliitwa kulitazama. Polisi alinyoosha kidole kwenye matairi. Kinzo akachuchumaa kama kawaida yake, akabonyeza. Na kile kidole kikamwambia palepale, mbele ya gari alilofia dada yake: tairi hili bado zuri. Akakitoa, akakitazama kama cha mtu mwingine.

Kwenye msiba Iwao hakupiga kelele. Alimwambia Kinzo maneno machache tu. "Alikwambia gari linaogelea."

Lakini figo hazingoji matanga yaishe. Kinzo akajitolea kumpeleka hospitali. "Garini mwako siingii," Iwao akajibu, akafunga mlango. Majirani wakapokezana zamu. Ukaja wakati wa kukata nyasi za ng'ombe, zamu zikaanza kurukwa. Huyu trekta limeharibika, yule ng'ombe anazaa. Miguu ya Iwao ikavimba, uso ukajaa kama andazi. Wote tuliona kwamba asipoingia gari la Kinzo tutamzika kando ya mkewe. Yeye akakaa nyumbani, ametulia, kama mtu aliyekwisha kata shauri.

Kinzo akaenda dukani kwa Sannohe, mwuza matairi.

"Nisomee lebo."

"Nani? Wewe?" Sannohe akaangua kicheko. "Karatasi imejifunza kuendesha gari?"

"Nisomee."

Kicheko kikakatika. "Hii kubwa ni ya mfuko wako. Hii ndogo ni ya roho yako. Tairi la theluji kwenye maji ya kiangazi, Kinzo, vile vinundu vyake laini vinajikunja. Halisukumi maji pembeni, linapanda juu yake. Huo ulaini unaousifu ndio ubaya wenyewe."

"Kwa hiyo karatasi inajua."

"Inajua tairi jipya, kwenye barabara ya majaribio. Likishazeeka, anayejua ni dereva anayelikalia kila siku."

"Dereva aliniambia," Kinzo akasema, na Sannohe akageuka kupanga rafu ambayo haikuhitaji kupangwa.

Kinzo akafunga matairi yale yenye a. Ikaja mvua, akaenda darajani peke yake, akapita, akageuza, akapita tena, akikanyaga breki pale zilipowekwa kingo mpya. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Iwao. Hakupiga honi. Alisimama nje na mvua ikimlowesha.

Iwao alitoka akiburuta miguu, fimbo mkononi. Akainama kwenye tairi la mbele, ambalo lebo yake ilikuwa haijabanduka vizuri.

"Umesoma mwenyewe?"

"Nilisomewa."

"Umeyajaribu?"

"Darajani. Sasa hivi."

"Yakoje?"

"Yanashika."

Iwao akainuka, maji yakimtiririka shingoni. Ndipo, wenzangu, akafungua mlango wa mbele, akaketi ubavuni mwa Kinzo, akamwekea mkono begani, machozi yakimmwagika kama bomba, akasema, "Shemeji, nimekusamehe, na Fusae naye huko aliko ame—"

"Iwao alikaa nyuma," Kinzo akanikatiza hapa mezani, akiweka chini vijiti vyake vya tambi. "Alikaa nyuma, upande ambao kioo hakinionyeshi. Hakusema neno mpaka hospitali. Na mpaka leo anakaa hukohuko nyuma."