Neno la Sifa kwenye Cheti

Nilipomaliza darasa la nne, mwalimu wetu Mzungu aliniandikia kwenye cheti neno moja la sifa: lively, yaani mchangamfu, ingawa wakati ule sikulielewa. Wenzangu waliandikiwa "good". Nilifurahi, maana neno langu lilikuwa refu zaidi.

Kwetu Rutamba mtoto ni wa mjomba. Baba alinilisha na kuninunulia madaftari, lakini kama nitakwenda shule ya bweni au nitabaki kupalilia mihogo, kauli ilikuwa ya kaka yake mama. Mjomba alikuwa mpishi wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mkewe Memsahib, huko Lindi. Kiingereza alikijua, hasa cha jikoni.

Alikitazama cheti kwa muda mrefu.

"Neno hili nalijua," akasema. "Memsahib hulisema juu ya mbwa wake."

Mama akauliza mbwa mwenyewe yukoje.

"Hatulii. Akija mgeni, anamrukia."

Nilikuwa nimetoka unyagoni mwaka uleule, na nililofundwa mle ndani ni kutulia: usijibu upesi, usimkazie mkubwa macho, usicheke meno yakaonekana. Sasa serikali ilikuwa imeleta ushahidi wa maandishi kwamba somo halikuingia. Nilimchukia yule mwalimu kwa moyo wote.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisema atakaa kwetu siku tatu anitazame mwenyewe.

Siku tatu sikucheka. Nilimpelekea maji kwa magoti, na shikamoo yangu ilikuwa ndogo hata akaniomba niirudie. Siku ya pili mbuzi wa jirani alianza kuila kanga yangu kwenye kamba, mjomba akitazama. Nilimwacha mbuzi amalize. Niliipenda kanga ile, lakini shule niliitaka zaidi.

"Mzungu kakosea," mjomba akasema siku ya tatu. "Mtoto katulia huyu. Aende."

Nikaenda. Huko bwenini niliendelea kutulia, nikihofia habari zisije zikamfikia. Mwisho wa mwaka nikarudi na cheti kingine. Neno lilikuwa lilelile, ila mbele yake wameweka "not", ambalo mjomba alilijua vizuri sana.

Alichinja kuku. Watu wakala, wakanisifu, nami nikainamisha kichwa.

Baadaye, tukiosha vyombo uani, mama aliniuliza yule mwanawe wa zamani nimemwacha wapi. Nikaangua kilio kwa sauti. Mama akaniziba mdomo na upindo wa kanga yake, mjomba asije akasikia.