Bonge Jeupe la Stoo

Uvumilivu wangu uliisha siku nilipompiga Rehema mkono. Rehema ndiye mpaka rangi wetu, binti wa Mkuu wa karakana, na siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimkuta mlangoni ameshika bonge jeupe, limebaki kidogo lifike mdomoni. Nikapiga mkono, bonge likaruka mpaka kwenye matope.

"Una wazimu wewe? Pemba yangu!"

Pemba ni ule udongo wa kula wa wajawazito. Hii haikuwa pemba. Ilikuwa bariamu kaboneti, dawa ya kuchanganya kwenye glezi, ile rangi inayogeuka kioo chungu kikichomwa. Inaua panya, na mtu inaua. Mkuu alikuwa anasafisha stoo, akaiweka nje kwenye ndoo bila kifuniko wala jina.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaokuja kujifunza ufinyanzi hapa Ifakara. Nimeifanya kazi hii miaka saba, tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sijaamka hata siku moja nikaichukia. Siku ya kwanza Mkuu alinikatia udongo wa kufinyangia, wa Katindiuka hapahapa Ifakara.

"Lamba," akasema.

Nikalamba. "Una mchanga. Na shikamoo, nilisahau."

Alicheka mpaka akakaa. Ndivyo tunavyopima sisi, ulimi unaujua mchanga kabla ya vidole. Na siku bakuli langu la kwanza lilipotoka tanurini likiwa la bluu, zima, halina ufa, nilicheza mpaka kanga ikadondoka.

Baadaye nikahamishiwa stoo, chini ya Mtunza Stoo, mama mkali kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za dawa kuukuu. "Unga wa mawe hauozi, binti. Kinachokufa ni lebo." Plasta ya kalibu ikinyonya unyevu haigandi tena, itupe. Gundi ya glezi huchacha ikanuka kama perege wa juzi. Kaolini, ule udongo mweupe, hata ikiwa bonge, iponde, ichekeche, tumia. Kopo lisilo na jina ni sumu mpaka ujue vingine, na cha stoo hakilambwi. Alipostaafu akarudi kwao Mahenge, mchwa wakaanza kula lebo na hakuna aliyeandika nyingine; majina yalibaki kichwani mwangu tu.

Basi siku ile nikaenda kwa Mkuu, Rehema nyuma yangu bado ananung'unikia pemba yake.

"Mkuu, ile ndoo ya nje ni bariamu."

"Najua. Ya zamani ile, imeisha nguvu."

"Ingekuwa ugali ingechacha. Lile ni jiwe, Mkuu, linaisha nguvu vipi?"

"Haya, nitaifukia nyuma ya choo."

"Masika yaliyopita maji yalifukua choo chenyewe. Shimo gani la Ifakara linatunza siri?"

Rehema akatazama vidole vyake vyenye unga mweupe. "Baba, mimi nilitaka kuila."

Mkuu alikwenda kuchota maji na sabuni, akamnawisha bintiye mikono kama mtoto mdogo. Rehema ndiye aliyeanza kucheka. "Mjukuu wako angezaliwa na glezi." Tukacheka wote watatu, mimi na machozi juu.

"Yaishe hapa," Mkuu akasema.

"Hayaishi. Nakushtaki kwa barua, kwa afisa afya."

Tulipokwisha kuifungia ndoo stoo, nikaandika barua palepale, kwenye daftari la stoo. Nilijua atanifukuza, na nina mtoto wa kulisha. Mkuu akavaa miwani, akasoma mara mbili, akanyoosha mkono. "Kalamu." Akaongeza maneno chini. Nikaipeleka hivyohivyo kwa afisa afya, na sikuondoka mpaka nakala yangu ikagongwa mhuri:

"YAH: SUMU KUACHWA NJE YA KARAKANA

Mimi ni mfanyakazi wa karakana na mama wa mtoto mmoja. Namlalamikia Mkuu wangu kwa kuacha nje ndoo ya bariamu kaboneti, bila kifuniko wala jina, mjamzito akanusurika kuila. Sasa tumeifunika, tumeiandika SUMU, tumeifungia stoo. Hatutaifukia, wala hatutaimwaga kwenye mfereji unaokwenda majarubani kwenye mpunga. Tunaomba wenye kazi hiyo waje waichukue.

Nimesoma, ni kweli yote. Ndoo niliiweka mimi. Mjukuu ni wangu. Njooni upesi. – Mkuu wa Karakana."