Firigisi ya Mjomba Bakari

Ipo siku ambayo siikumbuki kwa tarehe, mwanangu, naikumbuka kwa meno. Mpaka leo nikiuma kuku aliyekaangwa vizuri, ile ngozi ikalia kaa! kama kuni kavu inayovunjwa, najiona tena nimesimama barazani kule Mpapura, kijiji cha huku kwetu Mtwara, mdomo umejaa, watu wanane wananitazama, na mimi siwezi kumeza wala kutema. Nitakueleza taratibu. Jambo hili ukilisikia nusu utacheka tu, nami nataka ucheke na uelewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Gesi ilikuwa imeleta wageni wengi Mtwara, nami nilipata kazi jikoni katika kambi moja yao. Mpishi mkuu alikuwa Mkorea, mtu mfupi, mkimya, tuliyemwita Mzee Kimu. Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi hivi, na aliyoyatumia zaidi yalikuwa matatu: "bado," "tena," na "sasa." Kwa maneno hayo matatu alinifundisha kazi inayonilisha mpaka leo.

Kila Alhamisi alikaanga kuku wa kwao. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nilikuwa na daftari, na kila nilichokiona nilikiandika. Kuku akatwe vipande vidogo, upana wa vidole vitatu. Alale kwenye chumvi, saumu na tangawizi. Avikwe koti jembamba la wanga, lisizidi, maana koti zito hunyonya mafuta. Kisha aingie kwenye mafuta ya moto wa wastani, atoke bado mweupe, umwone kama hajaiva. Hapo mpishi mwenye papara huharibu. Mzee Kimu alinyanyua kidole: "Bado." Kuku anapumzishwa kwenye chujio mpaka mvuke umtoke. Halafu: "Tena!" Anarudi kwenye mafuta yaliyochachamaa, dakika mbili, anabadilika rangi mbele ya macho yako kama jua linalochomoza. Mwisho anagaragazwa kwenye mchuzi mzito wa pilipili, saumu na asali. Na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa mara ya kwanza: amelowa mchuzi, na bado analia ukimuuma! Nilikula kipande cha kwanza nimesimama, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Wanga wa kambini ulikuja kwenye pakiti. Siku moja ya mapumziko nikajiuliza, kwani sisi hatuna wanga? Nikakuna muhogo, nikaukamua kwenye kitambaa, nikaacha maji yatulie, nikamwaga, nikaanika ule unga mweupe uliobaki chini. Nikampelekea Mzee Kimu. Akakaanga, akauma, akafumba macho. "Tena," akasema. Mwanangu, sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama neno lile.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Somoe wa Mpapura. Unajua kwa watu wetu wa huku binti ana wazazi, lakini neno la mwisho liko kwa mjomba wake, kaka wa mama. Mjomba Bakari alikuwa mkulima wa mikorosho, mrefu, mwenye sauti ya chini. Posa ilikaa kwake majuma kadhaa bila jibu. Ndipo Somoe akanipigia simu.

"Mjomba kasema uje Jumapili upike."

"Nipike nini?"

"Unachojua. Kasema mtu akijiita mpishi tusimwulize maneno, tuliulize sufuria lake. Ila nisikilize. Firigisi ya Mjomba ichemshe peke yake, uiweke kwenye kisahani."

Nikacheka. "Somoe, hayo ya firigisi ni ya kizamani. Nitaivika koti kama vipande vingine, hata hataijua."

Yeye hakucheka. "Ndicho ninachokiogopa," akasema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nakuongezea kwamba la mdogo wako pia lisikilize, likiwa la kweli.

Jumapili nikafika na wanga wangu, ufuta, asali, na pilipili niliyoitwanga mwenyewe. Kambini kulikuwa na kopo la rojo jekundu la pilipili kutoka kwao Mzee Kimu, lakini maandishi yake sikuweza kuyasoma, sikujua kama ndani yake kulitiwa pombe, na katika nyumba ya Waislamu huingizi usichokijua. Hilo nililifanya vizuri, niruhusu nijisifu, maana mengine yote niliyofanya siku ile ni aibu.

Walinichinjia mitetea wawili. Nikawakata vipande vidogo, vyote sawasawa, firigisi zikaingia humohumo. Bibi yake Somoe aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, na kwa kuwa bibi ana haki ya kumtania mchumba wa mjukuu wake, hakunipumzisha.

"Mume wangu, mbona unamkaanga mara mbili? Mara ya kwanza ulikosea?"

"Bibi, ndivyo anavyokaangwa."

"Kwetu sisi chakula kikirudi motoni, ujue mpishi alikuwa anapiga soga."

Lakini alipoona rangi inavyogeuka, aliacha kuongea. Harufu ya saumu na asali ilitoka uani ikaingia barazani, na watu wakaanza kusogea bila kuitwa. Nilimimina kuku wote kwenye sinia moja, wekundu wanang'aa, ufuta juu. Nikaweka sinia mbele ya Mjomba Bakari, na hapo sifa zikanipanda kichwani. Badala ya kukaa na kungoja mkubwa aanze, nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "kuku huyu haliwi kwa mdomo tu, huliwa na kwa masikio. Sikilizeni!"

Nikaokota kipande chochote kilichokuwa juu. Nikauma. Kaa!

Watoto wakapiga makofi. Nami nikatafuna. Nikatafuna. Nikageuza upande wa pili, nikatafuna. Nje kilikuwa kikavu kama nilivyoahidi, ndani kilikuwa kama tairi la baiskeli. Makofi yakakoma. Mjomba Bakari akainamisha kichwa kunitazama vizuri.

"Kijana, hicho unachotafuna ni nini?"

Nikauonyesha mdomo wangu kwa kidole.

"Mwache, Bakari," Bibi akasema. "Firigisi ina kazi nyingi, haiwezi kuongea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Somoe alijifunika uso kwa mtandio. Mjomba hakukasirika, na bora angekasirika. Aliuliza kwa upole: "Kuku walikuwa wangapi?"

Nikameza kwa nguvu. "Wawili, Mjomba."

"Basi ipo ya pili. Itafuteni."

Mwanangu, hebu fikiri. Vipande karibu arobaini, vyote vimevaa koti moja, vyote vyekundu, hujui paja ni lipi wala mgongo ni upi. Njia ya kuvijua ni moja tu: kuuma. Na wakauma! Kaa! "Hili bawa." Kaa! "Kidari." "Shingo hii, jamani, lakini tamu!" "Mimi sijui nimekula nini, nipeni kingine nihakikishe." Pilipili iliwatoa jasho, wakapepea midomo kwa mikono, wakarudi kwenye sinia kutafuta. Kicheko kikaanza huku, kikashika kule. Hata mama yake Somoe, ambaye kwa heshima ya ukwe alikaa ndani, alipitisha mkono mlangoni apewe sehemu yake ya kutafuta. Kelele za kuku kulia kwenye meno ya watu zilijaa uani, na mimi katikati ya aibu yangu nilisikia furaha inanipanda. Waliipenda! Sinia lilibaki na ufuta tu.

Firigisi ya pili haikuonekana. Hakuna aliyekiri. Nilimwona Bibi akifuta mdomo kwa ncha ya kanga, macho ameyaelekeza kwenye paa.

Mjomba Bakari akanawa mikono. "Umepika vizuri," akasema. "Sijapata kula kuku wa namna hii. Lakini nikuulize. Firigisi katika nyumba hii hula nani?"

"Wewe, Mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Hujui." Alitikisa kichwa. "Anayekula firigisi ndiye anayeitwa kwanza. Mtoto akiugua, paa likiezuliwa, kukiwa na msiba, hodi inapigwa kwake. Nimeila miaka ishirini, na miaka ishirini naitwa. Wewe umetupaka unga wote tukafanana. Nyumba nzima imekula firigisi na haijulikani nani. Sasa kukitokea jambo tumwite nani?"

Nikalitazama sinia tupu.

"Mmoja tunamjua," akasema. "Tena amekula kwa sauti, kila mtu amesikia. Basi tutakuita wewe. Ukija, tutazungumza habari ya Somoe. Usipokuja, tutajua ulikuwa unapenda nyama tu."

Nikarudi mjini kichwa kimeinama. Nilifungua daftari langu nikasoma kurasa zote: mafuta, dakika, vipimo, uzito wa unga. Hapakuwa na jina la mlaji hata mmoja. Elimu ninayo, nikajiambia, ila ni elimu ya kuku, na kuku hali chakula changu. Usiku na mchana simu ilikaa mfukoni, nami naichungulia kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Ikaja siku ya kumi na moja, Alhamisi, saa tatu asubuhi, nimezungukwa na mabeseni ya kuku wa kambi nzima.

"Nauliza," sauti ya chini ikasema simuni, "firigisi ipo?"

"Ipo, Mjomba! Shikamoo."

"Marahaba. Korosho zimeanikwa uwanjani, nyingine bado ziko chini ya mikorosho. Wingu limeshuka kutoka upande wa Nanyamba. Na mgongo wangu umegoma tangu jana."

Unajua korosho zilizokauka zikinyeshewa zinakuwaje. Kazi ya mwaka mzima inaharibika kwa alasiri moja. Lakini Alhamisi ilikuwa siku yetu kubwa, na mtu aliyetoka kazini Alhamisi angeweza kurudi akute kazi haipo. Nikamfuata Mzee Kimu. Nikamwonyesha simu, nikamwonyesha mawingu dirishani, nikasema "mjomba," nikasema "mke," nikashika mgongo kama mzee. Alinitazama kwa muda uliokuwa mrefu kuliko dakika zote za kukaanga. Kisha akanivua aproni kwa mikono yake.

"Sasa!" akasema.

Nilipanda bodaboda nimevaa kofia ya jikoni. Nilipofika, Somoe na mama yake walikuwa wanakusanya kwa ndoo, Mjomba amelala ubavu barazani anatoa amri. Sikusalimia mtu. Nikashika gunia. Tulizoa za uwanjani kwanza, maana zile zilikuwa tayari, kisha tukaingia mashambani. Upepo ulianza kugeuza majani. Nilibeba gunia baada ya gunia mpaka ghalani, Bibi kasimama mlangoni anahesabu kwa sauti na kunitukana kwa mapenzi: "Kimbia, mume wangu! Mafuta yamechachamaa!" Gunia la mwisho nililibeba na Somoe, yeye kichwa mimi mkia, tone la kwanza likanipiga shingoni, la pili, tukaruka kizingiti, na nyuma yetu mvua ikashuka yote kwa pamoja kama mtu aliyemwaga pipa. Tukaanguka juu ya magunia, tunahema, tunacheka. Hakuna hata korosho moja iliyolowa ghalani.

Njaa ikatukumbuka. Bibi alikuwa ameshamkamata kuku. Safari hii, kabla sijashika kisu, nilikwenda kwa mama yake Somoe nikakaa chini kwa adabu nikauliza: nani hula nini katika nyumba hii? Akaniambia akiwa nyuma ya mlango, mmoja mmoja, nami nikarudia mpaka nikahifadhi. Firigisi nikaichemsha peke yake mpaka ikalainika, nikaiweka kwenye kisahani, nikampelekea Mjomba Bakari kwa mikono miwili.

Akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu, nusu yake. Sote tukangoja.

"Laini," akasema. Akakitazama kisahani. "Lakini hailii."

"Mjomba?"

"Ile yako ililia. Mimi ndiye mwenye firigisi, kwa nini yangu iwe kimya? Kaivike koti."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikakimbia jikoni na ile nusu iliyobaki. Nikaivika wanga wa muhogo uliobaki Jumapili ile, nikaikaanga peke yake, nikaipumzisha, nikaikaanga tena, nikaichovya kwenye pilipili na asali, nikairudisha kwenye kisahani chake. Akauma. Kaa! Akafumba macho kama Mzee Kimu.

"Somoe," akasema akiwa bado anatafuna, "mwambie mpishi wako amlete mzee wake, tupange siku ya ndoa."

Mwanangu, leo nina jiko langu mjini, na vijana wanakuja kwangu na simu zao, wameona huko na huko namna ya kupika vyakula vya dunia nzima. Nafurahi kuwaona. Wewe nawe jifunze kwa Mkorea, kwa Mhindi wa Mikindani, kwa yeyote mwenye kitu cha kukufundisha, na uandike. Usidharau cha mgeni kwa kuwa ni cha mgeni, mradi ujue kilichomo ndani. Lakini kabla ya kuwapikia watu, wajue watu. Uliza kila mmoja sehemu yake ni ipi, tena uulize kwa nini, maana ulichokiona kuwa heshima ya mtu huenda ni mzigo alioubeba miaka mingi bila kulalamika. Na kama kwa ujinga umekula sehemu isiyokuwa yako, usikimbie. Ngoja simu. Ikilia, acha mabeseni uende.

Mungu akupe mikono inayojifunza na masikio yanayosikia, akupe watu wa kukaa nawe kwenye sinia moja, na siku utakapoitwa kwanza, akukute una nguvu na miguu iko tayari. Amina.